Kutafuta Mababu wa Kimalta: Shika Ndoa, Usishike Jina

Malta na Gozo ni visiwa vidogo, na majina ya ukoo yaliyomo hayatoshi watu. Borg, Camilleri, Vella, Farrugia, Zammit, Galea, Micallef, Grech, Attard, Spiteri: hayo utayakuta karibu kila kijiji. Majina ya ubatizo nayo yanazunguka humo humo, kwa kuwa mtoto hupewa la babu au bibi yake. Ndiyo maana anayemtafuta "Giuseppe Camilleri" kwa jina tu hupata wengi, humchukua wa kwanza anayeelekea kufaa, na kuanzia hapo hujenga kwa bidii ukoo wa watu wengine.

Kwenye vitabu vya Malta mtu hutambulika kwa mambo matatu yakiwa pamoja: mwenzi wake, kijiji chake na baba yake. Matatu hayo hukutana katika kumbukumbu ya ndoa. Kwa hiyo kazi yote iendeshwe kwa kuruka kutoka ndoa hadi ndoa: ndoa ya wazazi, ndoa ya babu na bibi, ndoa ya waliowazaa hao, na kurudi nyuma namna hiyo. Ubatizo na vifo hutumika kuthibitisha.

Hatua ya 1: Uliza wazee kabla ya kuandika barua Malta

Mtafute mzee mkubwa kuliko wote aliyebaki, na umuulize kwanza mambo manne: kijiji, kanisa, sikukuu ya kijiji, na lakabu ya familia. Jibu la "walitoka Malta" halitoshi kufungua daftari hata moja, maana vitabu vimepangwa kwa parokia.

Aliyesahau kijiji mara nyingi hukumbuka sikukuu, yaani *festa*, na mtakatifu wake. Mtakatifu Helena ni wa Birkirkara, Filipo ni wa Żebbuġ, Nikola ni wa Siġġiewi. Lakini Katarina anasherehekewa Żejtun na Żurrieq pia, na Mtakatifu Joji ana Qormi na ana Victoria kule Gozo. Basi uliza na la pili: bahari ilionekana kutoka nyumbani? Walivuka kwa feri kwenda Valletta? Anayekumbuka feri huenda alitoka Gozo, au upande wa bandari.

Lakabu ndiyo hazina ambayo watu huiacha ipotee. Wamalta huiita *laqam*, na msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua neno hilo, kwa sababu Kimalta kina asili ya Kiarabu na lakabu yetu imetoka kisima kile kile. Kijiji chenye familia arobaini za akina Vella huzitofautisha kwa *laqam* inayoanza na *ta'* au *tal-*, yaani "wa": wa fulani, wa kazi fulani, wa shamba fulani. Iandike kama mzee anavyoitamka, hata kama huelewi maana yake. Makarani wengi hawakuiandika, lakini wenyeji wa kijiji, ukifika au ukiandika, wataanza na hiyo kabla hawajakuuliza jina la ukoo.

Hatua ya 2: Sikiliza sauti, kisha tafuta tahajia

Tahajia ya Kimalta ya leo ilipata hadhi rasmi mwaka 1934. Kabla ya hapo makarani waliandika kwa masikio ya Kitaliano, na walio uhamishoni waliandikwa kwa masikio ya Kiingereza au Kifaransa. Herufi za kukumbuka ni hizi: *x* husomwa "sh", *ċ* ni "ch", *ġ* ni "j" yetu, *j* ni "y", *ħ* ni "h" ya kooni, *q* ni kukata sauti kooni, na *għ* mara nyingi haisikiki. Kwa hiyo Xuereb ni "Shwereb", Scicluna ni "Shikluna", Ciantar ni "Chantar", Buhagiar ni "Buhajar". Xerri na Scerri hutamkwa sawa. Tafuta yote mawili. Xiberras na Sciberras vilevile.

Majina ya kwanza yana mtego mkubwa zaidi, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na manne. Giuseppe wa cheti cha Kitaliano ni Josephus kwenye kitabu cha Kilatini, ni Żeppi au Ġużè nyumbani, na ni Joe huko Melbourne. Ċikku ni Francesco. Ċensu ni Vincenzo. Wenzu ni Lorenzo, Salvu ni Salvatore, Tanu ni Gaetano, Leli ni Emmanuele, Karmnu ni Carmelo, ambaye ughaibuni aligeuka Charlie. Tena watoto walibatizwa kwa majina matatu, manne au zaidi, na lililotumika maishani huenda likawa la pili katika orodha. Usimwache mtoto kwa kuwa jina lake la kwanza si unalolitafuta. Soma majina yote.

Vijiji navyo vina majina mapacha na ya zamani. Rabat iko Malta na iko Gozo. Ile ya Gozo ilipewa jina la Victoria mwaka 1887, lakini wenyeji bado huiita Rabat. Żebbuġ iko Malta na iko Gozo. Kwenye hati za Kitaliano, Birgu ni Vittoriosa, Bormla ni Cospicua, L-Isla ni Senglea, Mdina ni Notabile, Qormi ni Curmi au Città Pinto. Neno *Casal* mbele ya jina maana yake ni kijiji tu, kama *Ħal* ya Kimalta.

Hatua ya 3: Maliza hati za nchi aliyohamia

Haraka ya kwenda Malta kabla ya kumaliza huku ndiyo chanzo cha makosa mengi. Nchi waliyofikia mara nyingi iliuliza maswali mengi kuliko ofisi ya nyumbani. Kwa Australia, angalia cheti cha ndoa na cha kifo, kisha faili za uhamiaji na za uraia. Kwa Marekani, maombi ya uraia na orodha za abiria wa meli. Wengi walielekea Detroit, New York na San Francisco. Kwa Kanada, Toronto ndiko walikojikusanya.

Waliohamia Algeria wakati wa utawala wa Wafaransa wamehifadhiwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Hifadhi ya nyaraka za makoloni iliyoko Aix-en-Provence imeweka mtandaoni, bila malipo, picha za madaftari ya Algeria, na hati ya ndoa ya Kifaransa hutaja wazazi wa pande zote mbili na mahali kila mmoja alipozaliwa. Tafuta Bône, Philippeville, Constantine na Algiers. Kumbuka karani Mfaransa huandika sauti ya "sh" kwa *ch*, kwa hiyo Sciberras asipopatikana kwenye S huenda yuko kwenye C.

Tunisia, Tripoli na Misri zilikuwa na jamii kubwa za Wamalta. Kwa kuwa walikuwa raia wa himaya ya Uingereza, vizazi na ndoa zao nyingi ziliandikwa kwa mabalozi wadogo wa Kiingereza, na vitabu hivyo vitafutwe London, Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew. Familia iliyokuwa Aleksandria huenda ikaonekana ghafla Malta mwaka 1882, halafu ikarudi Misri. Ghasia za tarehe 11 Juni mwaka huo, zilizoanza na ugomvi wa Mmalta na kijana Mmisri mwenye punda, ziliwakimbiza wengi kuvuka bahari. Mtoto wa familia hiyo aliyezaliwa katikati ya 1882 anaweza kuwa kwenye vitabu vya Valletta wakati ndugu zake wote wako Misri.

Kama babu alifanya kazi kwenye meli za kivita za Waingereza, na Wamalta wengi walikuwa wapishi na watumishi wa maofisa, Kew ina mifululizo miwili ya kumbukumbu za mabaharia: ADM 139 kwa walioajiriwa 1853 hadi 1872, na ADM 188 kwa walioajiriwa kuanzia 1873. Ingizo lake hutoa tarehe na mahali pa kuzaliwa. Usiichukue tarehe hiyo kama msumari: kijana aliyetaka kazi aliweza kujiongezea mwaka au miwili.

Malta yenyewe iliacha alama ya wanaoondoka. Hifadhi ya Taifa ya Malta, iliyo katika jengo la hospitali ya zamani ya Santu Spirtu huko Rabat, ina maombi ya pasipoti kuanzia 1815. Ya zamani hutaja umri, kimo, rangi ya macho na nywele; ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake yamebandikwa picha. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo picha pekee ya babu akiwa kijana.

Hatua ya 4: Vyeti vya serikali, 1863 kuja huku

Usajili wa serikali ulianza 1863. Ofisi za usajili, Reġistru Pubbliku, ni mbili: ya Malta kwa waliozaliwa kisiwa cha Malta, na ya Victoria kwa wa Gozo. Ukiuliza ofisi isiyo yako utaambiwa hayumo, na jibu hilo litakupotosha mwaka mzima. Vyeti huagizwa mtandaoni kupitia certifikati.gov.mt au kwa kwenda ofisini.

Agiza nakala kamili siku zote. Muhtasari hukupa jina na tarehe tu. Nakala kamili ya kuzaliwa ina saa na nyumba au mtaa, umri na kazi ya wazazi, walikozaliwa, na jina la baba wa kila mmoja wao pamoja na kueleza kama yu hai au amefariki. Kwa karatasi moja umeshika vizazi vitatu. Ndoa hutoa wazazi wa bwana na wa bibi harusi, na mama hutajwa kwa jina la kwao.

Hati hizi ziliandikwa kwa Kitaliano hadi miaka ya 1930. Neno dogo la kulichunga ni *fu*. "Giuseppe di Michele" maana yake Giuseppe mwana wa Michele aliye hai. "Giuseppe fu Michele", Michele amekwisha kufa. Herufi hizo mbili hukupunguzia miaka thelathini ya kutafuta kifo.

Fanya kazi kwa mpangilio huu. Chukua cheti cha ndoa cha babu. Toka nacho na majina manne ya wazazi. Agiza cheti cha kuzaliwa cha babu na cha bibi, ulinganishe majina ya wazazi na yale ya kwenye ndoa. Yakilingana yote manne, songa. Likikosekana moja, simama hapo. Kisha tafuta ndoa ya wazazi wa babu, ukianzia mwaka aliozaliwa mtoto wao mkubwa unayemjua na kurudi nyuma hadi miaka 25. Anza na parokia ya mwanamke, kwa kuwa desturi ilikuwa kufungia ndoa kwao bibi harusi. Hili huwapotezea watu muda mno: jina la ukoo wanalolifuata ni la mume, basi wanachimba kijiji cha mume na kukosa.

Ukiwa unatafuta uraia, hatua hii ndiyo muhimu kwako. Kwa marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2007, anayeomba kwa nasaba hutakiwa kuonyesha mstari wa moja kwa moja hadi kwa mzazi wa juu aliyezaliwa Malta, ambaye naye mzazi wake mmoja alizaliwa Malta. Kwa hiyo cheti cha babu peke yake hakikufikishi. Unahitaji na cha baba au mama yake. Mzazi wako aliye hai na yumo katika mstari huo sharti naye aombe. Mjukuu harukii juu yake. Maombi hupokelewa na wakala wa uraia, Aġenzija Komunità Malta.

Hatua ya 5: Vitabu vya parokia

Nyuma ya 1863 unaingia mikononi mwa makanisa. Mtaguso wa Trento, uliomalizika 1563, uliwataka maparoko kuandika ubatizo na ndoa, na parokia za kale za Malta zina vitabu vya karne ya 16. Andika kwa paroko, *kappillan*, au kwa hifadhi ya jimbo. Barua iwe fupi: majina ya wanandoa, miaka mitano hadi kumi ya kutafutwa, na swali moja. Anayetuma ukurasa wa historia ya familia nzima hukaa bila jibu. Paroko ana misa, wagonjwa na mazishi. Anayefungua daftari kwa ajili yako anafanya hisani, na sadaka kwa parokia ni adabu inayotarajiwa.

Kwanza jua parokia ilizaliwa lini. Orodha ya parokia ya mwaka 1436 ina chache tu, na vijiji vingi vilikuwa chini ya jirani. Mosta ilijitenga na Naxxar mwaka 1608. Wa Mosta kabla ya hapo wako Naxxar. Stella Maris ya Sliema ni ya 1878; kabla yake nenda Birkirkara. Gozo nzima ilihudumiwa kutoka mjini hadi Xewkija ilipopata parokia mwaka 1678, na nyingine, kama Nadur, zikafuata 1688. Valletta ina parokia mbili za kale, San Pawl na Porto Salvo, na mtaa mmoja unaweza kuwa na watu wa zote mbili. Tafuta kote kuwili.

Faharasa za vitabu vya zamani mara nyingi zimepangwa kwa jina la ubatizo. Josephus wote wako pamoja, wawe Borg au Zammit. Anayefungua kwenye C akitafuta Camilleri huondoka mikono mitupu.

Hivi ndivyo ingizo la ubatizo linavyokuwa. Hili tumelitunga kwa mfano:

*Die 14 7bris 1742. Ego Parochus baptizavi infantem heri natum ex Josepho Camilleri filio quondam Michaelis et Maria filia Antonii Vella conjugibus, cui impositum est nomen Michael. Patrini fuere Dominicus Borg et Rosa uxor Joannis Zammit.*

Anza na tarehe. *7bris* ni Septemba, kutokana na *septem*, saba kwa Kilatini. Haina uhusiano na Julai. Vivyo hivyo *8bris* ni Oktoba, *9bris* Novemba, na *Xbris* Desemba. Kosa hili limejaa kwenye miti ya ukoo ya mtandaoni, na hugunduliwa pale mtoto anapoonekana amebatizwa miezi miwili kabla ya kuzaliwa.

*Heri natum*: amezaliwa jana. Watoto walibatizwa siku ile ile au ya pili, hivyo tarehe ya ubatizo inakaribia sana ya kuzaliwa. *Quondam*, mara nyingi imefupishwa *q.* au *qm*, ni "marehemu": Michael babu alikuwa amekufa kabla ya Septemba 1742, na mjukuu amepewa jina lake. Hapo kuna fununu kwamba huyu ni mtoto wa kiume wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza aghalabu huitwa kwa babu wa upande wa baba. Basi ndoa ya Josephus na Maria isiwe mbali sana nyuma. Antonius Vella hana *quondam*, pengine yu hai, ingawa makarani walisahau. *Conjugibus* yasema ni wanandoa. *Patrini*, wasimamizi wa ubatizo, wachukue kwa uzito: Rosa mke wa Joannes Zammit anaweza kuwa dada wa Josephus au wa Maria, na siku utakapokwama, ndoa yake yeye ndiyo itakayokutajia kijiji cha wazazi.

Sasa mtihani wa kutenganisha wenye majina sawa. Ukishapata ndoa, orodhesha watoto wote wa jozi hiyo, tangu ndoa hadi mama afikie miaka 45 hivi. Watoto wawili wakipishana chini ya miezi tisa nao si mapacha, una jozi mbili zenye majina sawa, na sasa wagawanye kwa majina ya babu yaliyo kwenye ingizo. Jina moja likirudiwa kwa watoto wawili wa jozi ile ile, tafuta kifo cha wa kwanza, kwani mtoto aliyefuata hurithi jina la aliyekufa. Wengi humchukua Michael wa kwanza, aliyekufa akiwa na wiki tatu, na kumfanya babu yao.

Umri wa kwenye kitabu cha vifo usikutawale. *Annorum circiter 60* ni makisio ya paroko. Tafuta miaka kumi kila upande. Mwaka 1813 wa tauni, na 1837 wa kipindupindu, wengi walizikwa nje ya utaratibu wa kawaida. Kwa makaburi yenyewe usitegemee mawe: waliozikwa zamani walilazwa ndani ya makanisa, na makaburi makubwa ya Addolorata yalianza kupokea maiti 1872.

Kitabu kingine cha parokia ni *Status Animarum*, orodha ya waumini nyumba kwa nyumba, iliyoandaliwa kuelekea Pasaka. Baba, mama, watoto, mama mkwe, mtumishi, na umri wao. Palipo na orodha hiyo, mashaka ya nani ni mtoto wa nani hukatika kwa ukurasa mmoja.

Hatua ya 6: Ruhusa za ndoa za ndugu

Hapa ndipo tunapopapenda kuliko pote. Kijiji kidogo, majina machache, watu wakaoana na jamaa zao. Kanisa lilikataza ndoa ya ndugu wa damu hadi daraja la nne, na aliyetaka kuoa ndani yake alihitaji ruhusa, *dispensatio*, iliyotajwa kwenye daftari la ndoa. Kiswahili kina maneno yanayoeleza madaraja hayo moja kwa moja. Daraja la pili: wanandoa ni wajukuu wa mtu mmoja. La tatu: ni vitukuu wa mtu mmoja. La nne: ni vilembwe wa mtu mmoja.

Ukisoma *in tertio gradu consanguinitatis*, chora mstari wa bwana harusi hadi baba wa babu, na wa bibi harusi hivyo hivyo. Mahali fulani pale juu pana jozi moja inayowazaa wote wawili. Kama ulishajenga upande wa mume, upande wa mke umepata dari yake bila ya kufungua kitabu kingine. Na kama mti wako hauonyeshi hapo jozi ya pamoja, basi umekosea kizazi kimoja, rudi ukague. Hakuna kipimo kizuri kama hiki cha kujua kama kazi yako ni sahihi.

*Tertio et quarto* maana yake mmoja yuko kizazi kimoja chini ya mwenzake. *Affinitas* ni uhusiano wa ndoa: mjane anaolewa na jamaa wa marehemu mumewe. Usichanganye, maana huo hauna damu.

Faili za maombi hayo zilikaa kwa askofu, na ndani yake wakati mwingine mna mchoro mdogo wa ukoo, pande mbili zikishuka kutoka kwa babu mmoja, uliochorwa wakati wazee waliowajua watu hao walikuwa bado hai kutoa ushahidi. Uliza kwenye hifadhi ya jimbo iliyoko Floriana, na kwenye hifadhi ya kanisa kuu la Mdina, ambako pia ziko nyaraka za mahakama ya Inkwizisheni iliyodumu Malta hadi 1798.

Kuoana huku ndiko kunakoharibu hesabu za vipimo vya DNA. Wamalta wawili wasio na undugu wa karibu huonekana binamu, kwa kuwa wamechanganyika mara nyingi huko nyuma. Vipande vifupi vya damu ya pamoja usivijengee chochote. Mwamini yule tu ambaye una hati za kumfikia.

Hatua ya 7: Hati za notari

Kanisa likiisha, notari, yaani mwanasheria aliyeandika na kutunza mikataba ya watu, anaendelea. Hifadhi ya hati za notari, mtaa wa St Christopher, Valletta, ina majalada zaidi ya 20,000, ya tangu karne ya 15. Mengine yaliumia kwa mabomu ya Vita ya Pili ya Dunia na yangali yanakarabatiwa.

Tafuta aina mbili kabla ya nyingine. Ya kwanza ni mkataba wa ndoa wenye *dote*. Msomaji asiifananishe na mahari yetu: hapa mali hutoka kwao binti na kwenda naye. Mkataba hutaja wazazi, mara nyingi na babu au shangazi aliyechangia, na kuorodhesha vitu: kitanda, mashuka, kipande cha shamba kwa jina la mahali. Jina la shamba likirudi baada ya miaka themanini kwenye hati ya mtu mwingine, umeshika uzi wa urithi. Ya pili ni wosia, ambamo watoto wote huhesabiwa, hata waliohama na walioingia utawa.

Kwanza tafuta notari gani alihudumia kijiji hicho miaka hiyo, kwa sababu majalada yamepangwa kwa notari. Kisha fungua faharasa yake. Lugha ni Kilatini kilichochanganyika na Kisisilia na Kitaliano, na vifupisho ni vingi. Baadhi ya hati za kale huanza mwaka tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1541 ya notari huenda ni Februari 1542 yetu. Nakili tarehe kama ilivyoandikwa, na ya kisasa uiweke pembeni.

Watumwa, watoto wa kuokotwa, na Gozo ya 1551

Mistari mitatu hukatika mapema, na kila mmoja una njia yake.

*Ignotis parentibus*, wazazi wasiojulikana, ni mtoto aliyeachwa. Usimtafutie ukoo wa nyuma kwa jina alilopewa, kwani alipewa na wengine. Tafuta taasisi iliyompokea na mlezi aliyelipwa kumnyonyesha.

*Servus*, *mancipium* au *neophitus* ni mtumwa, au mtumwa aliyebatizwa. Wakati wa mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la watawa wapiganaji waliotawala 1530 hadi 1798, Malta ilikuwa soko la watu waliotekwa baharini, wengi wao Waislamu wa Afrika Kaskazini na wa himaya ya Waosmani, na wengine watu weusi walioandikwa kuwa wametoka Borno, kusini mwa Sahara. Akibatizwa alichukua jina la msimamizi wake au la bwana wake. Kwa hiyo jina la kifahari la Kitaliano juu ya mtu maskini linaweza kuwa jina la aliyemmiliki. Katika hati ya notari ya kuuzwa au ya kuachwa huru ndimo utakapokuta umri wake, alikotoka, na pengine jina alilopewa na wazazi wake. Liandike jina hilo juu ya mti, mbele ya lile la ubatizo.

Gozo nayo ilivamiwa Julai 1551 na meli za Waosmani, kamanda wao Dragut akiwamo, na karibu wakazi wote, watu kama 5,000, wakachukuliwa utumwani. Baada ya hapo kisiwa kilijazwa taratibu na waliokombolewa na waliotoka Malta. Mgozo anayefika miaka ya 1550 na kukuta kitabu kimekatika asidhani amekosea. Avuke aende Valletta, kwenye hati za notari, atafute mikataba ya fidia: jamaa wakikopa fedha, wakiuza shamba, wakimpa mfanyabiashara dhamana ya kumkomboa mke, mtoto au kaka. Humo aliyetekwa hutajwa kwa jina la baba yake, jina la mahali alipo, na kiasi kinachodaiwa ili arudi.